Siku Ta Rutaihwa Alipoangushwa

Pale Kashai, mjini Bukoba, ng'ambo ya ghala la zamani la kahawa, kuna benchi refu la mbao ambalo watu wanaliita Mizani. Zamani wakulima walipimiwa kahawa yao hapo. Mizani yenyewe iliuzwa chuma chakavu, jina likabaki, na siku hizi kinachopimwa hapo ni watu. Muhidini muuza kahawa anaweka birika lake juu ya jiko la mkaa kuanzia mchana, na wateja wake ni walewale. Yupo Privatus, dereva wa bodaboda, wanamwita VAR kwa sababu kila jambo lazima alirudie upya kama goli lenye utata kabla ya kutoa hukumu. Yupo Johnson, wanamwita Wakili, aliyewahi kufagia korido za mahakama akatoka humo na maneno mengi. Yupo Haruni, muuza mizizi na majani ya dawa, huyo ni Dokta. Na yupo Burhani fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuwa na jina la utani mpaka ule mwezi wa nane. Tangu hapo, akiwa hayupo, wanamwita Baba Mweleka. Na yeye anajua.

Jioni hiyo ya Novemba mvua ilikuwa imekatika na barabara inatoa mvuke. Burhani aliwasikia kabla hawajamwona. VAR alikuwa amesimama mbele ya benchi, miguu kaipanua, mikono mbele, anaigiza.

— Simamisha picha hapo! Ta Rutaihwa yuko mlangoni. Jamali anashuka chini, anakamata mguu wa kushoto. Sawa? Sasa mguu wa kulia uko wapi? Uko huru! Mikono iko wapi? Iko mgongoni kwa kijana! Mtu aliyewaangusha Waganda kwao Kampala anashindwa nini kutupa miguu nyuma akamlalia?

— Karibu, Fundi, alisema Muhidini kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

VAR aligeuka, akashusha mikono.

— Shikamoo, Fundi. Tulikuwa tunaongea tu.

— Marahaba. Endeleeni.

Burhani alikaa mwisho kabisa wa benchi. Mkewe Mariamu alishamwambia atafute kahawa kwingine, au akanywee nyumbani. Lakini alijua akikosekana siku mbili watasema amekimbia. Basi kila jioni alifunika cherehani, akaja kukaa palepale, akasikiliza jina la mwanawe Jamali likipigwa danadana.

— Endelea, VAR, alisema Wakili. Mzazi yupo, mlalamikaji hayupo, kesi isikilizwe.

— Swali langu ni moja tu. Kwa nini hakujitetea?

— Umri, alisema Muhidini. Na lile goti.

— Goti gani! Wiki ileile nilimwona kambeba Josia, mwanafunzi wake, mabegani anamzungusha ghala zima. Josia! Unamjua Josia alivyo? Mimi pikipiki yangu inamkataa.

Walicheka. Burhani alipuliza kahawa yake.

Kwa asiyemjua, Rutaihwa, au Ta Rutaihwa kama vijana walivyomwita kwa heshima ya Kihaya, alizaliwa Nshamba, Muleba, katika nyumba ya wakulima wa migomba na kahawa. Aliingia jeshini akiwa kijana mwembamba, na huko mkufunzi mmoja akamwonyesha mieleka ya mtindo huru. Hii si ile ya televisheni ya kupigana viti na kuvaa vinyago. Hii ni ya watu wawili juu ya zulia, ruksa kukamata mwili wote, miguu pia, na anayelazwa mabega yote mawili ndiye aliyeshindwa. Rutaihwa alikuwa na mikono mirefu na subira ya mviziaji. Alishinda Nairobi, akashinda Kampala. Sikio lake la kushoto lilisuguliwa na vichwa vya watu mpaka likakunjamana kama uyoga uliokauka.

Mwaka aliochaguliwa kwenda kwenye michezo mikubwa ng'ambo, mama yake alichinja mbuzi. Rutaihwa akaenda Dar es Salaam, akafika uwanja wa ndege na begi lake, akaambiwa hayumo kwenye msafara. Nafasi yake alikuwa amepewa ndugu wa mkubwa mmoja, mtu ambaye hata viatu vya mieleka hakujua vinafungwaje. Akarudi Kagera kwa basi. Watu walipomuuliza, alisema ndege ilijaa. Miaka yote iliyofuata, hata alipokuwa na watu wake wa karibu, hakuongeza neno. Ndege ilijaa.

Baadaye goti likaharibika, jeshi likamwacha, akaja Bukoba. Mwenye lile ghala, mzee mmoja wa kahawa aliyewahi kumwona akicheza, alimruhusu alitumie kwa neno la mdomo tu. Rutaihwa akashona turubai la lori, akalijaza maganda ya kahawa, likawa zulia lake. Humo aliwafundisha vijana wa Kashai jioni baada ya jioni, wa msikitini na wa kanisani, na wasichana kadhaa ambao wazazi wao walikuja kwanza kumgombeza, kisha wakabaki kuangalia. Jamali, mtoto wa Burhani, aliingia humo akiwa mtundu asiyekalika naye, anayetukanwa mtaa mzima. Akatoka humo bingwa wa mkoa, anasalimia watu kwa mikono miwili.

Lakini bingwa wa mkoa naye anakula. Ta Rutaihwa ndiye aliyekwenda kuwaombea kazi vijana wake katika kampuni moja ya ulinzi pale mjini, Chui Walinzi. Aliwasindikiza mwenyewe, akawasemea mbele ya meneja: hawa hawalewi, hawaibi, na mtu wakimkamata hatoki. Meneja akafurahi. Akawachukua wote.

Ndipo yule mzee wa ghala akafa. Watoto wake wakauza. Mnunuzi alitaka kuweka saruji, na alitaka upesi. Rutaihwa aliomba wamwache mpaka mashindano ya kanda yapite, hakujibiwa. Akakataa kutoka. Mchana mmoja wa mwezi wa nane, jua kali, vumbi jekundu limetulia, likaja gari la Chui Walinzi likasimama mbele ya ghala, na wote walioshuka walikuwa vijana wake.

Burhani aliiona siku hiyo yote akiwa palepale alipoketi sasa. Ta Rutaihwa alisimama mlangoni, mikono chini. Vijana walisimama mbele yake, hakuna aliyesogea. Josia alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Msimamizi hakushuka. Alikaa ndani ya gari, kioo kimefungwa, akapiga honi. Akapiga tena, akaishikilia. Jamali ndiye aliyeanza kutembea.

Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Jamali alishuka, akakamata mguu, akanyanyua, mzee akaenda chini kwa mgongo. Wale wengine wakapita juu ya miguu yake wakaingia ndani kulivuta turubai. Ta Rutaihwa alikaa kwenye vumbi. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka. Alijisogeza kwa makalio mpaka kilipo, akakivaa, akafunga kamba, akaegemeza mkono ukutani, akainuka. Kisha akavuka barabara, akapita mbele ya benchi lililojaa watu. Akasema, "Mchana mwema, waitu," yaani wenzangu kwa Kihaya, kama mtu anayetoka sokoni, akaenda zake kituo cha mabasi. Alirudi Nshamba. Kashai hawakumwona tena.

— Mimi nitawaambia, alisema Wakili, akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru. Yule mzee alilala chini kisheria.

— Kisheria vipi?

— Sikiliza. Mtu akitolewa kwenye jengo akiwa amesimama, ameondoka kwa hiari. Akitolewa akiwa amelala, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Ina jina la Kilatini. Yule aliwahesabu mashahidi kwanza, akaona benchi limejaa, akachagua pa kuangukia. Hivi mnavyomwona kimya kule Muleba, ana mwanasheria Mwanza. Mtashangaa. Mtaitwa mmoja mmoja.

— Niitwe mimi? alisema Dokta. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nachambua majani.

— Umesimulia kila siku tangu mwezi wa nane!

— Kusimulia na kuona ni vitu viwili.

— Acheni sheria, VAR aliingilia. Tatizo mnamwogopa yule mzee hata akiwa hayupo. Semeni ukweli. Mtu anajua kuanguka, mtu amefundisha watu kuanguka maisha yake yote, akianguka vizuri namna ile mbele ya kadamnasi, ni makubaliano. Alishaonana na mnunuzi. Alishapewa chake. Kilichobaki ilikuwa maigizo ili vijana wasimwone msaliti. Rudia picha: mzee ameinuka, kavaa kiatu, kasema mchana mwema. Mtu aliyedhulumiwa anasema mchana mwema?

Muhidini alikuwa anamwongezea Burhani kahawa. Akasimamisha birika.

— VAR, punguza, alisema.

— Napunguza nini? Fundi mwenyewe amesema tuendelee. Na nikuambie, Fundi, usinielewe vibaya. Kama ni makubaliano, basi mwanao hana kosa. Mimi namtetea Jamali hapa!

— Hujui unachosema, Burhani alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, wakamgeukia wote. Kwa miezi mitatu alikuwa amekaa nao bila kusema lolote kuhusu siku ile. Hakuwa amepanga kusema leo. Lakini lile neno "alishapewa chake" hakuweza kuliacha lipite.

— Jamali alinieleza, alisema. Usiku uleule hakula. Alikaa uani na sare yake, Mariamu akamwita akakataa, nikaenda mimi. Nikamuuliza, mwanangu, ilikuwaje? Akasema, baba, nilipokamata mguu niliinamisha kichwa. Sikutaka kumwona usoni. Na kwenye mieleka ukiingia mguuni na kichwa kimeinama, unaweza kuvunjika shingo. Ndicho kitu cha kwanza alichotufundisha. Sasa nipo pale chini, nimeushika, sijui nifanye nini, nasikia mzee ananiambia sikioni, taratibu, kama tuko mazoezini: "Kichwa juu, Jamali. Utaumia shingo."

Gari la mizigo lilipita, wakasubiri kelele zake ziishe.

— Akasema, baba, nikainua kichwa. Na nilipoinua tu, akaenda chini. Sikumwangusha mimi. Alikuwa ananifundisha. Namtoa nje kwenye ghala lake, naye ananifundisha.

Muhidini alilitazama jiko lake. Kwa muda, labda muda wa fundo moja la kahawa, Burhani alidhani kwamba amefanya vyema, kwamba neno limewafikia, na kwamba sasa watamwacha mwanawe na watamwacha yule mzee. Kijana mwenyewe alikuwa ameomba kuhamishiwa lindo la Rwamishenye, kwenye maduka, na akitoka kazini alizunguka njia ndefu ili asipite hapa. Zulia lilitupwa nyuma ya ghala likanyeshewa. Maganda ya kahawa yakavimba, yakaota ukungu. Jamali hakutaka hata kusikia habari za mashindano.

Kisha VAR akapiga goti lake kofi.

— Si nilisema! Alimwachia! Picha imethibitisha!

— Tena hiyo ni hatari zaidi, alisema Wakili. Maneno ya sikioni hayana shahidi wa pili. Mahakama haiwezi kuyapokea. Kijana anajitetea, na anatetewa na baba yake mzazi. Ushahidi wa namna hiyo tuliufagia kila siku.

— Ngoja, ngoja, alisema Dokta. Alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka. Fundi, alisema kwa lugha gani?

— Lugha gani nini?

— Hayo maneno. Kiswahili au Kihaya?

— Kiswahili. Jamali anajua Kihaya cha kuombea chumvi tu.

— Yeye alisikia Kiswahili. Lakini mzee wa Muleba, anatolewa kwenye kitu chake, anamwinamia mtu sikioni, anamtaja kwa jina lake... Dokta alitikisa kichwa polepole. Waitu, hayo si mazoezi. Mtu hatajwi jina sikioni hivihivi. Yule mzee nguvu zake zote zilikuwa kwenye lile turubai, mnadhani alilishona kwa uzi mtupu? Alipoona linatoka, akamwachia kijana mzigo. Si unaona Jamali amebadilika? Haongei, hali, anapita njia za kuzunguka. Ngoja mkewe ajifungue uone.

Mke wa Jamali alikuwa na ujauzito mkubwa. Mariamu alikuwa ameshaanza kutenga kanga za kumpokelea mjukuu.

Burhani hakukumbuka baadaye alisimama saa ngapi. Alijikuta amemshika Dokta shati kifuani, kahawa imewamwagikia wote wawili, na uso wa Dokta uko karibu naye mno, unatoa harufu ya mizizi.

— Rudia, alisema Burhani. Mtaje mjukuu wangu tena.

— Fundi! Fundi, ni mazungumzo tu!

— Maneno ya kijiweni hayo, mzee wangu, achia, alisema VAR, akimvuta mkono.

— Hapo sasa umeingia kwenye jinai, alisema Wakili, bila kuinuka.

Muhidini ndiye aliyemtoa, kidole kimoja kimoja, akamkalisha chini. Dokta alinyoosha shati lake akasema hana kinyongo. Burhani aliona aibu, kisha akaona aibu nyingine kubwa kuliko hiyo. Kitu ambacho mwanawe alikitoa uani kwa machozi, yeye amekileta hapa akakiweka mezani kama kashata, na wote wamekishikashika.

Katikati ya hali hiyo bodaboda ilisimama na mwanamke mtu mzima akashuka. Alikuwa mrefu, amejifunga kitenge mpaka kifundoni, amebeba kikapu kidogo kilichofunikwa jani la mgomba. Alisubiri pikipiki iondoke, akawasalimu kwa Kihaya. Walioijua lugha wakaitikia, Burhani akaitikia kwa Kiswahili.

— Hapa ndipo Mizani?

— Ndipo, Ma, alisema Muhidini. Karibu ukae.

— Nimekaa sana garini, nisimame kidogo. Mimi naitwa Georgina. Natoka Nshamba. Rutaihwa, aliyekuwa anafundisha vijana hapo, ni kaka yangu.

Hata VAR alivua kofia. Benchi zima lilisogea, likamfanyia nafasi ambayo hakuikalia, na maswali yakaja kwa pamoja. Anaendeleaje? Afya yake? Goti? Tunamkumbuka sana hapa! Kila siku tunamtaja!

— Yupo, alisema Georgina. Asubuhi anapalilia migomba, mchana anakaa barazani. Goti linamsumbua kukiwa na baridi. Kuongea haongei sana. Watoto wa jirani walikuja kumwomba awafundishe ile michezo, akawaambia amesahau.

— Amesahau? alisema VAR.

— Ndivyo alivyowaambia. Lakini kuna jambo moja la hapa analolisimulia mwenyewe bila kuulizwa, na ndilo limenileta.

Wakili alikaa vizuri. Pengine alidhani anakaribia kutajiwa mwanasheria wa Mwanza.

— Anasema siku ile ya kuhama aliteleza pale mlangoni, akaanguka.

Burhani aliinua macho.

— Aliteleza? alisema Muhidini.

— Vijana walikuwa wanamsaidia kutoa vitu, anasema, na sakafu ina vumbi, akateleza akaanguka vibaya. Goti likamkatalia kabisa kuinuka. Basi anasema mzee mmoja wa hapa kijiweni alitupa kahawa yake akavuka barabara mbio. Akamshika kwapani akamwinua. Akamtafutia kiatu chake, akamvalisha kwa mkono wake, akamfuta vumbi mgongoni, akampa maji. Anasema hata mkono alimshika mpaka alipoweza kutembea. Kila jioni lazima anirudishie. Ananiambia, Georgina, watu wa Kashai ni watu. Mtu hanijui kwa undugu, lakini alikuja mbio.

Aliondoa jani la mgomba. Ndani ya kikapu walikuwamo senene, wale panzi wa msimu wa mvua, waliokaangwa wakakauka, rangi ya dhahabu iliyoiva, harufu yao ikapita harufu ya kahawa.

— Mwaka huu wameanguka wengi kwetu. Amekaa barazani siku nzima anawanyonyoa mabawa, yeye na vile vidole vyake vilivyovunjika-vunjika, hataki nimsaidie. Amewakaanga mwenyewe. Akaniambia, hawa si wa nyumbani, mpelekee yule mzee wa Mizani aliyeniinua. Nikamwambia nitamjuaje? Akasema jua lilikuwa usoni, sura hakuishika vizuri, lakini wewe fika uulize tu, wenyewe wanajuana.

Aliwatazama mmoja mmoja, anatabasamu, kikapu amekishika kwa mikono miwili jinsi zawadi inavyotolewa.

— Haya, ni nani kati yenu?

VAR aliigeuza kofia yake mikononi, akaanza kuichunguza ndani. Wakili alianza kufuta kahawa kwenye suruali yake, mahali palipokuwa pamekauka. Dokta alikohoa, akamtazama Muhidini. Muhidini akachukua kikombe kisafi akakisuuza.

Georgina alimgeukia Burhani, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa na mvi nyingi kuliko wote.

Burhani aliiona siku ile tena. Aliliona vumbi jekundu lilivyopaa kutoka mlangoni mgongo wa mzee ulipogonga chini, likavuka barabara likija upande wa benchi, na akaona mkono wake mwenyewe, huu uliokuwa sasa juu ya paja lake, ukifunika kikombe lisiingie.

Alitaka kusema. Maneno yalikuwepo: dada, hakuna, aliinuka mwenyewe. Lakini akamwona Georgina akirudi Nshamba nayo, akamwona yule mtu barazani, anajua kwamba dada yake sasa anajua. Alitaka kusema ni mimi. Hilo nalo lilimjia mdomoni, na ndilo lililomtisha zaidi. Akaufunga mdomo.

— Au leo hajaja? aliuliza Georgina.

— Leo hajaja, alisema Muhidini, bado anasuuza kikombe.

— Anaumwa?

— Hapana. Hajaja tu.

— Pole yangu. Nami siwezi kumngoja, gari la mwisho la Muleba litaniacha. Basi nitawaachia nyinyi, nyinyi ndio wenzake. Akija mpeni. Mwambieni Rutaihwa anamsalimu, anasema hajasahau.

Aliweka kikapu kwenye benchi, katikati ya Wakili na Burhani, akakifunika vizuri na jani lake. Akaagana nao mmoja mmoja kwa mkono. Mkono wa Burhani aliushika kwa muda kidogo, akasema una baridi, mzee, vaa koti. VAR akajitolea kumpeleka kituoni, akaondoka naye, na aliporudi alisimama mbali na pikipiki yake, hakuja kukaa.

Muhidini aliuliza kama kuna anayetaka kuongezewa. Wakili alisogea upande mmoja, Burhani akasogea upande mwingine, mpaka pakawa na nafasi kubwa pale katikati ya benchi, kama wamemwachia mtu pa kukaa.